Mama, Tumekuhamishia Misungwi

Mama,

Shikamoo. Ni mimi, Minza wako. Nimekaa muda mrefu nikiogopa kukuandikia, maana habari ya kwanza ninayopaswa kukupa ni kwamba hupo tena pale tulipokulaza. Tumekuhamisha, wewe na Baba. Sasa mko Misungwi, kwenye kiwanja cha wajomba, nyuma ya nyumba ya marehemu Bibi.

Unaukumbuka ule mkutano wa kijiji kuhusu bohari ya gesi ya kupikia. Wataalamu walitueleza kwamba gesi inaletwa nchini kwa meli, na meli zikichelewa huko pwani, sisi wa kanda ya ziwa ndio wa kwanza kukosa. Wakataka kujenga matangi makubwa ufukweni kwetu, gesi ije kwa treni, ihifadhiwe, halafu ivushwe hadi visiwani. Watu walinuna. Wewe ukasimama, mkono kifuani, ukasema, "Mimi moshi umeshanimaliza. Jengeni, hata shamba langu chukueni, hawa mabinti wasibanike samaki kwa kuni mpaka wakohoe kama mimi." Ukakohoa palepale hadi nikakushika usianguke. Baada ya hapo hakuna aliyepinga tena kwa nguvu.

Mvua zilizofuata ukatuacha. Tukakuzika kando ya Baba, mbele ya banda la samaki, ukiwa umeelekea ziwani kama ulivyotuomba.

Ramani ya kwanza ya mradi ilipita mbali na makaburi. Ya pili ikayachukua. Walisema gesi si kitu cha kuchezea, lazima pawe na eneo la usalama kuzunguka matangi. Kaka Masalu alipoambiwa hakupiga kelele, unamjua. Alisema tu, "Mama aliwapa shamba. Kaburi hakuwapa." Kesho yake asubuhi akaenda kukaa juu ya kaburi lako, panga magotini. Wachimbaji wakarudi walikotoka.

Safari ya pili walikuja na polisi. Mama, niliona jinsi walivyokuwa wanamtazama, nikaogopa nisije nikazika tena. Nikaenda kukaa pembeni yake. Nikamwambia, "Kaka, hawa wakichimba wao, watachimba kama wanachimba mtaro." Akaweka panga chini, akasema, "Basi tutachimba wenyewe."

Akachimba, kwanza kwa Baba, kisha kwako. Bwana afya alimpa glavu, akazikataa. Katekista alisali mpaka sauti ikamkauka. Na wewe ulikuwa mwepesi, Mama. Mwepesi mno. Hilo ndilo linalonirudia nikiwa nafanya kazi zangu, naacha kila kitu, nakaa chini. Kile kitenge chako cha bluu kilikuwa bado kina rangi. Masalu akavua koti lake akakufunika, watu wasikuone, na ndani ya gari alilishika jeneza jipya kwa mikono miwili njia nzima, kila shimo la barabarani akimwambia dereva, "Taratibu. Taratibu, bwana."

Ningetamani nikwambie kwamba matangi yamesimama. Hayapo. Wamezungushia uzio, wameweka walinzi wawili, na ndani nyasi zimefika kiunoni. Tukiuliza tunaambiwa mazungumzo na mwekezaji yanaendelea. Juzi gesi iliadimika tena mjini, na hata wale wa Nyegezi waliokuwa wameshasahau jiko la mkaa walipanga foleni ya mkaa kama sisi. Banda letu lilivunjwa. Nimepanga jingine huku juu, nabanika sangara kwa kuni zilezile. Juma lililopita nilikohoa wakati Masalu anakula kwangu. Akasukuma sahani, akatoka nje. Hakurudi kumalizia.

Misungwi haendi. Anasema, "Pale siyo kwa Mama."

Sitakudanganya, kuna siku nakulaumu. Nasema ungekaa kimya siku ile ya mkutano, leo wewe na Baba mngekuwa bado ufukweni. Halafu nakumbuka ulivyokuwa unaivuta pumzi ile miezi ya mwisho, umeketi kwenye mkeka kwa sababu kulala ulishindwa. Hukuwa na kosa. Ulitutakia mema tu, na mema yenyewe hayajafika.

Najua huko hakuna ziwa. Upepo wa huko ni wa vumbi na ng'ombe. Nisamehe, sikupata mahali pengine.

Nakuahidi mambo mawili. Kila mkutano wa kijiji nitasimama mbele ya watu nidai hayo matangi kwa jina lako, hata wakinichoka. Na Masalu nitamleta kwako, hata kama atasimama tu bila kusema neno.

Pumzika sasa, Mama. Nimewaambia wajomba, nimemwambia mwenyekiti, na sasa nakwambia wewe: wachore ramani wanazotaka, lakini hapo ulipo, nikiwa hai, hakuna atakayekugusa tena.

Binti yako,
Minza