Mwenyekiti Asiye na Ufunguo

Brooklyn Park, Minnesota
22 Februari 2026

Mpendwa mdogo wangu Geofrey,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini maneno haya yatakukuta mzima, wewe, shemeji Christina na watoto, na kwamba mmeshaanza kutayarisha shamba kabla ya masika. Sisi hatujambo. Jedidah wangu anaendelea na zamu zake hospitalini. Mwanetu Alvin anasoma, Kiswahili anakielewa chote ila anajibu kwa Kiingereza. Kifua kilichonisumbua tangu Krismasi kimetulia. Theluji bado imelala mlangoni. Nawatakia Kwaresima njema.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza. Nitaipiga picha barua hii nikutumie leo hii hii. Karatasi yenyewe utaipata baadaye.

Nianze na jicho la Mama. Daktari alishatuambia sote: la kushoto limekwisha, la kulia linaliwa na presha ya macho, na lisipofanyiwa upasuaji litafuata lenzake. Tarehe ilipangwa, 10 Machi, hapo hapo Moshi. Jumatano Christina akanieleza kwamba Mama ameifuta tarehe hiyo mwenyewe. Anasema mwanawe amekuwa mkubwa katika chama cha Marekani, mlango utafunguka Novemba, na atakuja kutibiwa huku. Nilipouliza nani kamwambia, nikatajiwa jina lako.

Geofrey, wewe unazifuata siasa za huku kama unavyoifuata Simba. Hilo silo tatizo, ingawa nashangaa mnazi wa Wekundu wa Msimbazi akivuka bahari anageuka wa chama cha bluu. Tatizo ni kwamba unadhani hizi ni timu mbili zinazocheza moja dhidi ya nyingine. Likija suala la nchi za watu wengine, mara nyingi zinapeana pasi.

Kumbuka mwenyewe. Mara ya kwanza Mama alipoomba viza, waliokuwa Ikulu ya huku ni hao wa bluu. Alisimama dirishani muda mfupi akaambiwa haijathibitika kwamba atarudi kwao. Mjane mwenye kihamba cha migomba, ng'ombe, na kaburi la mume nyuma ya nyumba. Sasa wamo wekundu wa Rais huyu, na tangu Januari mosi viza za matembezi kwa Watanzania zimesimamishwa. Wale walimfungia kwa upole, hawa wamemfungia kwa tangazo. Mlango ni ule ule.

Usidhani waliochoka ni sisi wahamiaji tu. Mwezi uliopita, katika miji hii pacha tunayoishi, watu waliozaliwa hapa walikuwa wakienda kununua maziwa na pasi ya kusafiria mfukoni, wakihofia kukamatwa na askari wa uhamiaji. Kila ninayeongea naye ananiambia alichagua hawa ili mambo yabadilike, kisha akachagua wale kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa huo ukubwa wangu. Jumanne, tarehe 3, vyama vyote viwili vilifanya mikutano ya mitaa. Yeyote anaweza kuingia na kupendekeza jambo liwe msimamo wa chama. Rafiki yangu Gilbert, Mkisii anayefanya kazi kwenye ghala kule Shakopee, ni wa wekundu kwa sababu ya kanisa lake. Tulikubaliana tupeleke pendekezo moja, kwa maneno yale yale: wazazi wa raia waruhusiwe kuja kuwatembelea watoto wao, na chama kiahidi hivyo kwa maandishi. Yeye alipeleke kwake, mimi kwa wa bluu. Nilitaka kulinganisha majibu.

Mkutano wangu ulikuwa katika darasa la shule. Tulikalia viti vya watoto, magoti karibu na kidevu. Tulikuwa tisa. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja Mzungu, Francis, aliyepigana Vietnam. Alisema tangu arudi vitani amechagua watu walioahidi kutopigana tena, na kila mmoja alipata nchi yake ya kulipua. "Kodi yangu haijui kama chama kimebadilika," akasema. "Inanunua bomu lile lile." Akaweka faili mezani akauliza nani atashika nafasi yake. Watu wakaangalia viatu vyao.

Nikadhani suala limeahirishwa, nikasimama na pendekezo langu. Kwetu anayetaka kusema husimama. Huku wanasema wakiwa wameketi.

"Asante Mungu, amesimama mtu," Francis akasema, na makofi yakapigwa kabla sijafungua mdomo. Nikaeleza kwamba nimesimama ili niseme. Mama mmoja nyuma yangu akajibu, "Sema tu, mwenyekiti."

Ukubwa wenyewe ndio huo.

Pendekezo walilipokea kwa huruma nyingi. Wote walikubali kwamba marufuku ni ukatili wa wale wengine. Nilipouliza kama chama kitaahidi kuiondoa kikishinda, chumba kikapoa. Bwana mmoja aliyetumwa na mgombea akasema, "Tunakusikia kabisa, ila neno kuahidi tulitoe. Litatupotezea kura vitongojini." Likatolewa. Kilichobaki kikapelekwa kwenye kamati.

Gilbert alikuja kunichukua, maana gari langu liko gereji. Kwao walimzunguka, wakamshika mabega, wakamwombea Mama kwa jina. Kisha wakamwambia, "Tunakusikia, ndugu. Marufuku haikuwalenga watu kama nyinyi." Akauliza basi imewalenga akina nani, na kwa nini anayezuiwa ni huyo huyo waliyemwombea. Lake nalo likapelekwa kwenye kamati.

"Wee Damas!" akaniambia pale mlangoni. "Mimi nimeombewa nikatoka mikono mitupu, na wewe unatoka na faili? Simama hapo, chairman, nikupige picha."

Jedidah alipoiona picha alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa wewe ni chair ya watu tisa? Hata ile chama yetu ya wamama wa kanisa iko na watu wengi kukuliko!"

Nami ikanichekesha, nikakutumia. Wewe ukaiweka kwenye kundi la ukoo: "Kaka yetu Mwenyekiti, Marekani. Novemba mambo yanageuka!" Kisha ukampa katekista, akaisoma kwenye matangazo ya misa ya kwanza. Mama alikuwa benchi la mbele, akapigiwa vigelegele. Kesho yake akafuta upasuaji.

Juzi nilimpigia. Nikamwambia mimi ni wa mtaa tu, kazi yangu ni kupanga viti na kuwakumbusha watu mkutano.

"Hata baba yako alianza na ubalozi wa nyumba kumi," akanijibu. "Na Novemba si mbali."

Nikamweleza jambo ambalo wewe, kwa kutazama vipande vya video usiku kucha, ulipaswa kulijua. Novemba hii Rais hachaguliwi. Wanachaguliwa wabunge, na magavana wa baadhi ya majimbo. Tangazo lililomfungia limetiwa saini na Rais, na muhula wa Rais huyu unakwisha Januari 2029. Anayekuja baada yake anaweza kuliondoa, anaweza pia kuliacha. Presha ya macho haifuati kalenda hiyo.

"Sasa hao wawili wakigombana hivyo," Mama akauliza, "ufunguo kashika nani?"

Enzi zangu za gazetini niliwauliza mawaziri maswali mepesi kuliko hilo. Nikamwambia sijui mlango huo utafunguliwa lini, na kwamba asiungoje.

"Basi mwenyekiti kama huwezi kunifungulia, njoo wewe unishike mkono. Mle kwenye visu siingii peke yangu."

Kwa hiyo nimekata tiketi. Nitatua KIA Jumamosi, 7 Machi. Viza ya kuingia kwetu, maana sasa mimi ni raia wa huku, nimeiomba kwa kompyuta kama mtalii, na nimeipata. Hilo usilitangaze popote.

Utaniuliza kama Novemba nitapiga kura. Nitapiga, kwa sababu kadi ya mpiga kura ndiyo sauti pekee niliyonayo hapa, hata kama inaishia kwenye kamati. Ila asubuhi yake usinipigie kuniuliza nani kafunga goli.

Wewe una kazi mbili. Kesho Jumatatu nenda hospitali kwa miguu yako, usipige simu, uirudishe ile tarehe 10. Nafasi ikiwa imeshachukuliwa, kaa hapo mpaka wakupe ya karibu yake. Sitaki kusikia Novemba.

Kazi ya pili ni Jumapili ijayo. Gazetini, kosa lililotoka ukurasa wa kwanza tulilisahihisha ukurasa wa kwanza, si kwenye kona chini ya matangazo ya vifo. Kwa hiyo iwe misa ile ile, katekista yule yule, Mama akiwa benchi lile lile. Mpe asome hivi, na usiongeze neno:

"Tunasahihisha tangazo lililopita. Damas ni mwenyekiti wa mkutano wa watu tisa katika darasa la shule. Hana uwezo wa kumpatia mtu viza. Uchaguzi wa Novemba si wa Rais. Vyama vyote viwili vimesema vinamsikia mama yake, na vyote viwili vimemwacha nje. Mama haendi Marekani. Mwanawe ndiye anayekuja."

Wakipiga vigelegele tena, waache.

Nisalimie Christina, umwambie nashukuru alinipa habari wakati ndugu yangu wa damu alikuwa anatuma video. Nisalimie mjomba Solomon na nyumba yake. Jedidah na Alvin wanawasalimu nyote. Mungu awatunze, na jicho hilo moja alitunze mpaka nifike.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata wiki hii,

Damas