Upanga Umefika Hallunda

Hallunda, Stockholm
Februari 2009

Dada Clementina mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama wote hapo Bukoba, na mguu wa mama umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, mtoto anacheza tumboni, na wakunga wa Flemingsberg wanasema hana neno. Ila moyo, dada, haujatulia, na kwenye simu ningeshindwa kusema.

Digvijay, baba wa mtoto huyu, unamjua kwa sauti tu. Ni Mrajputi wa India, wa ukoo wa Rathore, watu wa vita tangu enzi za wafalme, na akianza kuwataja mababu zake utadhani ni litania ya watakatifu. Kama sisi tusivyooana na watu wa ukoo wetu, wenye mziro mmoja nasi, Rathore naye haoi Rathore. Lakini bibi harusi sharti atoke ukoo mwingine wa Kirajputi. Mimi Mhaya sikuwamo hata kwenye hesabu. Novemba alikwenda kwao Jodhpur kwenye msiba wa baba yake, akaahidi kurudi kunioa kabla sijajifungua. Tangu Krismasi simu yake haipatikani. Aliyenipigia ni kaka yake, akasema damu yao haichanganywi, akakata.

Kisha wiki iliyopita akapiga mzee mmoja, Bhairon Singh, baba mdogo wa Digvijay, askari mstaafu. Akasema yuko njiani kuja kwangu. Anafuata nini, hakusema. Jirani yangu Ghislaine, yule Mrundi, akanitaka nihamie kwake. Binti yake Ariane akashikilia kwa Kiswidi chake kwamba tuite polisi. Nikabaki kwangu kwa ubishi tu, mlango nimeukomea.

Jumatano kengele ikalia. Nikachungulia kwenye tundu la mlango, nikaona masharubu meupe, kilemba, na kitu kirefu kilichoviringishwa kitambaa chekundu. Nikamwuliza mlango ukiwa umefungwa kama amekuja kuniua. Alikilaza kile kitu kizingitini, akashuka ngazi, akaketi huko chini, mikono juu ya magoti ili niione. Askari mzima, anatetemeka kwa baridi ndani ya kikoti chepesi! Huruma ikanishinda, nikafungua.

Ulikuwa upanga. Nilipiga kelele mpaka Ghislaine akaja mbio na mwiko mkononi. Mzee akatueleza kwa Kiingereza, taratibu, kwamba kwao bwana harusi asipoweza kufika, upanga wake husimama mahali pake, bibi harusi akaolewa nao. Zamani ilikuwa hivyo waume wakiwa vitani. Huu alikabidhiwa na Digvijay mwenyewe, ili mtoto azaliwe Rathore. Nikauliza kama ndugu zake wamemfungia ndani. Akasema hakuna aliyemfungia, akaniuliza kama nakubali. Dada, nilikubali. Hata nilifurahi.

Basi nimeolewa, tena bila baraka zenu, na kwa hilo naomba radhi. Kwao maharusi huzunguka moto, lakini moto wa kuni ungeamsha king'ora cha jengo, kwa hiyo tuliwasha mshumaa juu ya sinia, nami nikauzunguka nimeshika upanga, Ghislaine akiimba nyimbo za harusi za kwao.

Jana mzee alipofunga mizigo nilimletea upanga, nikamwambia amrudishie mwenyewe. Hakuupokea. Akasema mwenyewe sasa yumo tumboni mwangu.

Kumbe gari la Digvijay lilipinduka mara baada ya Krismasi. Alimkabidhi mzee ule upanga akiwa kitandani hospitalini, na hakuiona asubuhi. Mzee alivua kilemba mbele yangu, akalia, akaomba nimsamehe. Alihofu ningejua mapema ningekataa.

Naogopa, dada. Namwogopa yule kaka mtu, naogopa kujifungua peke yangu, nauogopa hata huo upanga uliomo kabatini. Ukiweza kupata ruhusa kazini, njoo.

Msalimie shemeji Evodius na watoto. Mama mwambie nimeolewa, mwache afurahi kidogo. Hilo jingine mwambie akiwa amekaa.

Mdogo wako akupendaye,
Paskalia