Kitanda cha Pili Melini

Kasulu, Alhamisi, Agosti 1976



Leo nilipiga simu Kigoma kutoka ofisini kuuliza nafasi ya daraja la pili melini, niende likizo nyumbani kupitia bandari ya Kasanga. Yule wa tiketi akasema, "Chumba kina vitanda viwili, dada. Ukiwa peke yako unalipia vyote, la sivyo uje na mwenzako."

Kosa langu ni kurudia kwa sauti: "Mwenzangu?"

"Mwenzake nipo," akasema Karani Mkuu mezani kwake. "Mwambie aandike bwana na bibi."

Wenzangu wote ofisini wakacheka. Nami nikacheka, na hilo ndilo linaloniudhi.

Walipotoka kwenda chai, akanisogelea. Hakuwa anacheka tena. "Nusu nitalipa mimi, binti. Fomu yako ya likizo sijaitia saini."

Nikasema nasafiri na mama mdogo, yuko Kabanga. Uongo mtupu. Sina ndugu wilaya hii nzima.

Akaichukua fomu, akaitia saini polepole. "Vizuri. Jumatatu mkipanda basi la Kigoma nitakuja stendi kumwamkia huyo mama mdogo."

Kitanda cha pili kitamaliza akiba yangu yote ya posta. Nitalipa. Lakini Jumatatu akinikuta pale stendi peke yangu...

Kesho nikitoka kazini nakwenda hospitali ya Kabanga. Kuna mama mmoja muuguzi aliyenifunga kidonda mwezi wa tano. Sidhani kama analikumbuka jina langu. Nitamwomba awe mama yangu mdogo mpaka basi liondoke.