Kamera Yangu Haijui Baridi

Jumatano, 3 Septemba 2025
Nimeropoka! Mama Xaveria alikuja kibandani kwangu hapa Omurushaka kupiga picha ya pasipoti. Akasema wao kina mama kumi wa kikundi cha kahawa wanapanda Kilimanjaro, wanatafuta wa kuwapiga picha kileleni na bango lao. Akauliza kamera yangu inastahimili baridi? Nikajibu — nimeshaizoesha! Kuizoesha wapi? Baridi ninayoijua mimi ni ya maji ya kuoga.
Picha hiyo wataibandika kwenye kila mfuko wa kahawa. Nikiipata, sitakuwa tena mama wa pasipoti tu.

Jumamosi, 6 Septemba
Leo nimeizoesha kweli — ndani ya friza ya Maua, muuza samaki. Betri niliiingiza imejaa, imetoka inasoma nyekundu. Kioo nacho ukungu mtupu. Nafuta kwa khanga, unarudi. Nafuta, unarudi. Maua kacheka mpaka kakaa chini: "Mpiga picha, inanuka sato! Huko mlimani paka watakufuata!"
Mara ya pili nikaifunga kwenye nailoni kabla ya kuitoa, nikaiacha humo mpaka ubaridi uishe. Ukungu ukabaki nje ya nailoni. Kumbe nina akili kidogo.

Jumapili, 14 Septemba
Kaisho, kwa mama mkwe. Nimemleta Noela abaki na bibi yake. Ana miaka miwili kasoro, ziwa nimemwachisha juzi tu. Kifua kimejaa kama mawe.
Betri nimezifunga vizuri kwenye majani makavu ya mgomba, kama ndizi zinazoivishwa shimoni, zipate joto. Mama mkwe, Mama Laurensia, kanitazama. "Mama Noela, majani yana moto?" Nikasema ndiyo, mama. "Moto ni wa ndizi zenyewe. Hizo zako zitaiva lini?" Nimezaliwa migombani mimi! Kasema nizibebe mwilini, kama mtoto.
Noela kalala na kitenge changu. Niliaga nikiwa nje. Mwoga mimi.

Jumatatu, 22 Septemba
Tumefika juu na kushuka mpaka kwenye kibanda cha kulala wapandaji. Miguu si yangu.
Kileleni kina mama walijipanga, bango likakunjuliwa, midomo imekauka wanacheka. Nikabonyeza — kamera imekufa. Mama Xaveria akasema, wewe si uliizoesha? Nikaingiza mkono kwenye sidiria kutoa betri ya akiba. Ya moto vizuri. Na imelowa! Maziwa! Nimepanda mlima kumnyonyesha betri.
Nikaifuta kwa soksi, nikapuliza, nikaitia. Kina mama wakatulia. Cha! Mara moja tu. Kioo cha nyuma kikabaki cheusi, sikuona kitu. Kiongozi wa mlima akatuhimiza tushuke, kuna mmoja anatapika.
Sasa kamera iko ndani ya nailoni mapajani mwangu. Nikifungua mapema itajaa maji. Wamenizunguka wote kumi kama wanaongoja ugali. Mmoja anasema tuiweke karibu na jiko. Hapana! Mwingine ananong'ona, labda hakuna kitu humo. Nami ndilo ninaloliwaza.
Mama Xaveria kaja mara ya tatu. Safari hii hakuuliza picha. Kauliza, kifua bado kinauma? Nikaitikia kwa kichwa. Kanifunika blanketi lake, kaugusa mfuko wa nailoni.
"Bado wa baridi," kasema.
Kakaa chini.