Mlio Niliousikia Nyuma ya Sauti Yako

Bwera, Jumatano

Kwako Mama Zuhura,

Hujambo mke wangu? Mgongo umeacha kukusumbua? Na Zuhura anakula, au bado anachambua maharage kwenye sahani kama anatafuta ushahidi? Mimi ni mzima. Niko gereji ileile huku Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, mafuta hadi kwenye viwiko, na ninawakumbuka sana. Hilo nimelisema. Sasa nina ugomvi.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu hatumalizi salamu kabla hujampa kaka yako Juma, naye akishaishika ni "shemeji, shemeji" hadi salio linakata. Barua hii isome peke yako jikoni.

Huku kuna kijana anaitwa Bwambale, mwana wa mwenye nyumba wangu, dereva wa bodaboda. Alinunua pikipiki nzuri kama yangu niliyowaachia Lushoto, isiyo na kabureta, ambayo kompyuta ndiyo inayopima mafuta. Haikumaliza mwezi. Akaipeleka Rukoki kwa mchomeleaji wa madirisha, eksozi ikakatwa na kuwekewa bomba wazi. Boksi la chujio cha hewa nalo likatolewa, ati ipumue. Mchomeleaji wa madirisha, Mama Zuhura! Mtu huyo hata madirisha yake hayafungi.

Akaja kunionyesha. Unajua vijana wa hapa wanajaribu wapi pikipiki? Kwenye mteremko. Wanapanda nayo polepole hadi juu, kisha wanashuka wameachia mafuta, bomba linapiga pa-pa-pa, na stendi nzima inashangilia. Kushuka hata gurudumu la baiskeli linajua.

"Fundi, sikia mulio! Iko na nguvu sana."

Nikamwambia hiyo si nguvu. Hewa inaingia nyingi, kompyuta bado inapima mafuta ya hewa ile ya zamani, basi moto unakuwa mkali na injini inachemka, hasa ikipanda na mzigo. Rudisha bomba lako na boksi lako. Ukishindwa kabisa kuishi bila kelele, nenda Kampala kwa mtu mwenye mashine ya kupima moshi, akaipangie kompyuta upya. Akanicheka, akasema Watanzania tunaogopa pikipiki.

Taa ya njano ya injini ikawaka. Unadhani alitafuta sababu? Aliibandikia stika.

Kisha akampata bingwa mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, kavaa miwani ya jua kivulini. Kazi yote aliifanya mbele yangu, kwa koleo langu.

"Usiogope, patron," akasema. "Tunadanganya kompita. Itawaza moteri iko baridi saa yote, itaongeza esanse. Butembo beko banafanya vile."

Akaunga kijidude kwenye waya wa kipima joto. Kweli, kompyuta ikadanganyika, ikamwaga mafuta asubuhi hadi jioni. Moshi mweusi, plagi nyeusi, na tenki likawa halifikishi jioni. Bwambale akaona hasara, akaking'oa kile kijidude mwenyewe. Bomba wazi akaliacha. Chujio hakurudisha. Yaani alikuwa na makosa mawili, akaondoa lile lililokuwa linaificha aibu ya lingine, maana mafuta yale ya ziada ndiyo yaliyokuwa yanaipoza injini.

Wiki iliyopita alikwenda kumchukua mama yake hospitali, alikokuwa ameenda kuchukua dawa za presha. Wakapanda kwenda kwao milimani. Mama ni mzito, kilima ni kirefu, jua kali. Pistoni ikachemka ikakwama palepale, gurudumu la nyuma likafunga, na yule mama akaangukia kwenye shamba la kahawa la jirani. Mkono umevunjika. Namshukuru Mungu ulikuwa upande wa kahawa, kwa sababu upande wa pili ni korongo.

Nilikwenda kumpa pole. Bwambale amekaa mlangoni. Mama yake akaniambia: "Fundi, mimi nilisikia iko naumwa. Yeye alisema iko naimba." Nilimdharau yule kijana tangu siku ya kwanza, na bado namdharau, lakini siku ile sikufurahia hata kidogo.

Sasa nisikilize. Jumapili uliponipigia, ukinieleza bei ya karoti, niliisikia pikipiki yangu ikishuka nyuma ya nyumba. Pa-pa-pa. Ukacheka, ukasema, "Juma huyo karudi." Wewe hukuniambia, na mimi sikuuliza, ila tangu siku ile silali vizuri. Naujua mlima wetu. Najua kila siku ya soko unaupanda na magunia mawili na nani. Kaka yako ana kichwa kizuri cha kuvalia kofia, sijaona kazi yake nyingine. Yeye anashika usukani. Anayekaa nyuma ni wewe.

Mwambie arudishe eksozi yangu na boksi langu. Kama amemuuzia mtu, akamtafute huyo mtu kwa miguu. Mpaka hapo panda gari na karoti zako.

Nisalimie mama mkwe, na shangazi anayemlea Zuhura ukiwa sokoni, na yule mjomba wa ng'ombe, mwambie nimezipata salamu zake. Kwa Juma sikutuma kitu.

Ukiipata barua hii, Jumapili inayofuata nipigie ukiwa uani. Usinieleze lolote, na simu usimpe mtu. Mwambie tu Juma aiwashe pikipiki, halafu nyamaza. Nitasikiliza mwenyewe.

Mumeo,
Baba Zuhura