Jina Lililotoka Kwenye Taazia ya Mama

Chukwani, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Haroub,

Assalaam alaykum. Huku mvua zimeanza mapema, na mwanangu Khairat kanisogezea kitanda dirishani. Madaktari hawanipangii tena siku ya kurudi hospitali.

Utalikumbuka jarida la walimu wastaafu nililokuwa nikilipanga kwa kompyuta, toleo lenye taazia ya Mama. Ulipoona jina lako halimo miongoni mwa watoto aliowaacha, nilikwambia nafasi haikutosha, kompyuta imelimeza. Tangu hapo hatujazungumza, miaka kumi na mitatu sasa.

Haroub, nafasi ilikuwepo. Nililifuta mwenyewe, kwa hasira kwamba hukuja kutoka Maskati kumzika, kisha nikaikuza picha ya Mama ili pengo lisionekane.

Wiki iliyopita nilitaka kulirudisha na kuchapisha ukurasa upya. Faili halikufunguka. Khairat akacheka: "Baba, programu hii ishakufa zamani, nawe bado waigongea mlango!"

Basi nimechukua nakala pekee iliyobaki, nikaliandika jina lako kwa kalamu chini ya langu. Wino umesambaa, halisomeki. Naituma hivyo hivyo. Ikikufika, liandike upya wewe mwenyewe. Kulifuta niliweza, kulirudisha nimeshindwa.

Nisamehe ningali nasikia.

Kaka yako,
Mcha