Sanduku la Spika Nne

4 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Natumaini unapanda ngazi za posta bila kuushika ukuta. Mimi ni mzima, ila mafua yamenipanda bila nauli na hayataki kushuka.

Sanduku la spika la kaka limefika. Dereva wa lori alilifunga blanketi kama mgonjwa. Wenzangu wa bendi walilizunguka, na mpiga ngoma akasema, "Hili si sanduku, ni kabati la bibi harusi!" Nikamwambia kaka alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za kitanda. Amplifaya yake nayo imefika, na inawaka.

Sasa nakuomba ruhusa. Spika ziko nne, na kaka alizifunga zote kwenye tundu moja. Hiyo ndiyo mono. Nataka kuzigawa: mbili za kushoto ziwe na tundu lake, na mbili za kulia lake, yaani sterio. Kushoto nitachomeka amplifaya ya kaka, kulia yangu. Nitapiga gitaa moja, lakini tutasikika wawili.

Sitagusa waya hata mmoja kabla hujasema ndiyo.

Mwanao,
Kitinda mimba


17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti linaniamsha kabla ya jogoo, lakini linatembea. Kunywa maji ya moto, na usilale dirisha likiwa wazi.

Mono na sterio sizijui. Ninachokijua ni kile kitanda. Kaka yako alichomoa mbao tatu za chini bila kusema, nami nikalala, nikajikuta sakafuni na godoro langu. Alikuja mbio na msumari mdomoni. "Mama, nilidhani wewe ni mwepesi!" Nilicheka hadi nikashindwa kumgombeza.

Tangu alipoanguka pale ukumbini, mbele ya maikrofoni, na daktari akasema ni moyo, sikuweza kulitazama hilo sanduku. Nililifunika shuka. Kama kuligawa ni kumpa nafasi ya kukaa kando yako, ligawe. Lakini taratibu. Mbao zile zilinibeba miaka mingi.

Mama yako


2 Julai

Mama,

Shikamoo, na asante. Mafua yameteremka.

Kazi imekamilika! Nilifungua mgongo wa sanduku, nikakuta kaka ameandika "JUU" kwa penseli, ili asiligeuze kichwa chini. Nilizitoa nyaya zilizounganisha kushoto na kulia, nikalehemu tundu la pili. Niliogopa kuiunguza amplifaya, kwa hiyo nilipima kwanza: kila upande spika mbili, na ukinzani wa umeme ni ule ule amplifaya zinaoutaka. Hapo nilijisifu mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine wa kunisifu.

Kulikuwa na tatizo dogo. Amplifaya yangu ilinguruma kama nzi ndani ya chupa. Ya kaka ilikuwa kimya. Nikafungua plagi yake nione siri, kumbe aliukata ule waya wa tatu, wa kijani. Nami nikaukata wa kwangu. Ngurumo ikakoma palepale. Hata akiwa hayupo ananifundisha.

Nikipiga, Mama, sauti inatoka huku na kule kama watu wawili wanaoitikiana. Mwimbaji wetu wa kike aliondoka chumbani akifuta macho.

Ila maikrofoni inauma. Nikiikaribia kwa midomo huku nimeshika nyuzi, inanichoma kama siafu. Nakumbuka kaka naye alilalamika, ukamshonea kikofia cha sufu cha kuivisha. Bado unacho? Nitumie. Tarehe 26 tunapiga kwenye ua wa hoteli, mbele ya watu wengi, na kiongozi amesema nikifanya vizuri nitakuwa mpiga solo wa kudumu.

Kitinda mimba wako


13 Julai

Mwanangu,

Salamu nitakupa mwisho. Usiiwashe hiyo mitambo. Hata kwa mazoezi.

Kikofia nilikipata ndani ya sanduku la nguo. Kimeunguzwa kidogo upande mmoja, doa dogo la kahawia, kama pasi iliyosahauliwa. Nilikuwa na nia ya kukirekebisha, lakini lile doa halikuniacha. Nikakipeleka kwa fundi redio wa nyuma ya posta, nikamsomea barua yako.

Akaniuliza, "Mama, nani amekata waya wa tatu?"

Nikamwambia, wote wawili, mkubwa na mdogo.

Akaweka bisibisi chini. "Mkubwa yuko wapi?"

Nikasema tumemzika. Alinivutia kiti.

Ameeleza hivi, nami nimemwambia arudie hadi nikashika. Waya ule ndio unaoupeleka ardhini umeme uliovuja ndani ya mtambo. Wanamuziki huukata kwa sababu ya ngurumo, na ngurumo hukoma kweli. Lakini umeme uliovuja unakosa pa kwenda, unabaki kwenye nyuzi za gitaa. Mtu akishika nyuzi na kugusa maikrofoni, yeye ndiye anakuwa waya. Sakafu ikiwa na maji, ni mbaya zaidi. Na mtambo wa zamani huvuja kila siku zaidi ya jana. Hapo ulipokuwa na amplifaya yako nzima, ile ya kaka yako ilikuwa na njia ya kupumulia kupitia hiyo yako, maana gitaa moja linaziunganisha. Sasa umeziba zote mbili.

Kaka yako hakuwa na moyo mbovu. Alipanda kilima cha shule akiwa amenibeba mgongoni.

Kikofia sikutumii. Kingekufanya uumwe bila kusikia. Tafuta fundi wa umeme arudishe nyaya zote mbili, au uza, au choma moto. Mbao nitakusamehe.

Nimekwenda kupeleka simu ya maandishi. Karani amesema nyaya zimeanguka kwa mvua, nijaribu kesho. Nitajaribu kesho.

Haya, hujambo?

Mama yako


25 Julai

Mama,

Shikamoo. Wiki hii hatujapata barua yoyote. Mvua imesomba daraja na gari la posta limekwama ng'ambo. Barua hii nampa dereva atakayevuka kwa miguu, kwa hiyo nafupisha.

Kesho ndiyo kesho! Mvua isiponyesha tutapiga uani, ikinyesha tutajisogeza chini ya turubai. Wameshaosha sakafu mara mbili. Sanduku tumeliweka katikati, na mpiga ngoma amelifuta vumbi yeye mwenyewe, yule aliyelicheka.

Jana maikrofoni ilinirusha mkono hadi gitaa likalia peke yake. Wote wakacheka. "Kaka yako anakusukuma," akasema mwimbaji. Sikuchukia. Nitavumilia wimbo mmoja mmoja, kikofia kikija kitanikuta.

Niombee.

Kitinda mimba


9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, ingawa leo hujanisalimu.

Simu ya maandishi nilijaribu kila siku, haikupita; sasa daraja limepona, barua zimeingia kwa gunia. Ya kwako niliipata juma lililopita, aliileta yule dereva. Leo karani amenipa bahasha nyingine. Muhuri ni wa huko uliko. Jina langu limeandikwa vizuri, kwa herufi za kulala. Mwandiko si wako. Herufi zako husimama zimejikunyata, kama kuku kwenye baridi.

Labda umeunguza kidole kwa kulehemu, ukamwomba mwenzako akuandikie. Mpiga ngoma, pengine. Watu wenye utani huwa na mwandiko mzuri.

"Nikusomee, mama?" karani akauliza. Nikamwambia macho yangu yanaona.

Nimeiegemeza kwenye kikombe, hapa mezani. Sijaifungua. Nakuandikia wewe kwanza, kwa sababu barua huandikiwa mtu aliyepo.

Basi nikupe habari. Paa la jikoni limezibwa, halivuji tena. Mke wa jirani amejifungua pacha, na baba yao anawachanganya, amemwogesha mmoja mara mbili na mwingine hajamwogesha hata mara moja. Paka amerudi, amekonda, haelezi alikokuwa. Mjomba wako anauliza kama utakuja kabla ya shule kufunguliwa, nikamwambia wewe si mwanafunzi tena, akashangaa kweli.

Karatasi imejaa. Upande wa nyuma bado ni mweupe. Nageuza.